Makabidhiano ya Riwaya Kabla ya Kupanda Boti

Barua ya uhamisho ikifika, mtumishi hujua la kufanya kazini. Huhesabu funguo, huorodhesha mafaili yaliyofungwa na yasiyofungwa, hutaja madeni ya ofisi na ahadi alizowapa watu, kisha hukaa na anayempokea wakatia sahihi wote wawili. Mwalimu hukabidhi daftari la alama na vitabu vya darasa. Karani wa hoteli hukabidhi kasha la pesa na orodha ya wageni. Lakini mtumishi huyo akiwa pia mwandishi, riwaya yake iliyofika nusu haikabidhiwi. Hutiwa begini pamoja na nguo, ikaja kufunguliwa miezi minne baadaye Malindi, na mwenyewe hakumbuki aliiachia wapi.

Atakayeipokea ni wewe, lakini usihesabu kwamba utakuwa mtu yuleyule. Utakuwa na mkubwa mpya kazini, nyumba mpya, usingizi wa vipande vipande, na masikio yaliyoanza kuzoea lafudhi nyingine. Jiandikie kama unavyomwandikia mgeni. Muda wa kuandika hurudi baada ya mwezi mmoja au miwili, mambo yakishatulia. Uzi wa hadithi ukikatika ni kazi kubwa kuuunga, maana aliyeujua alikuwa mmoja tu na ameshasahau.

Kwanza hesabu siku. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kila mwezi, kazi inapokatizwa na upande wowote, na inampa mwajiriwa likizo ya siku za kazi 21 kwa uchache baada ya miezi 12. Uhamisho ndani ya kazi ileile huweza kuja kwa siku chache zaidi, kwa hiyo panga kwa 28 na uwe tayari kubana. Siku 10 za mwanzo endelea kuandika kama kawaida. Jioni tatu zinazofuata andika makabidhiano. Siku mbili tengeneza nakala. Zilizobaki ni za kufungasha, kulipa na kuaga. Usipange kuandika chochote kipya humo, kwa sababu hutaandika na utajilaumu bure.

Katika zile siku 10 kuna kosa moja ambalo waandishi hulifanya sana: kulazimisha kumaliza sura. Sura iliyofungwa kwa haraka ina harufu ya mizigo. Wahusika huanza kuagana, watu hufa bila sababu, mvua hunyesha ili tu watu watawanyike. Simama katikati ya onyesho, mahali ambapo unajua sentensi inayofuata, uiandike hiyo sentensi kwenye makabidhiano badala ya kwenye mswada. Siku ya kurudi utakuwa na mlango ulio wazi kidogo.

Makabidhiano yenyewe yasizidi kurasa mbili. Yakizidi hutayasoma. Chukua mfano huu wa riwaya ya kubuni:

"Tarehe 14 Machi. Maneno 31,400. Imesimama Sura ya 11, onyesho la pili.
Mahali: Lamu, mtaa wa Langoni, daka la nyumba ya Bi Zuhura. Saa kumi na moja na nusu jioni, siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji yamejaa.
Waliopo: Bi Zuhura, mwanawe Athumani, fundi wa boti.
Wanachotaka: Bi Zuhura anataka fundi aondoke kabla Athumani hajauliza habari ya boti. Athumani keshaijua. Fundi anataka salio lake, shilingi 6,000.
Sentensi inayofuata: Athumani ndiye anayelipa, kwa noti ambazo mamake anazitambua.
Maonyesho matatu yajayo: Bi Zuhura afungua kasha usiku. Fundi aonekana Mokowe akipanda basi. Athumani aenda kwa Mwana Esha.
Madeni kwa msomaji: barua ya Sura ya 3 haijafunguliwa. Ufunguo wa pili uko kwa Mwana Esha tangu Sura ya 6. Mkono wa kushoto wa fundi una jeraha, halijaelezwa.
Nisilolijua bado: nani aliuza shamba lililoko kijiji cha Hindi.
Lugha: msimulizi Kiswahili sanifu, Bi Zuhura na Mwana Esha Kiamu (lahaja ya Lamu), fundi Kimvita (lahaja ya Mombasa), Athumani huchanganya."

Kila mstari hapo una kazi. Shilingi 6,000 zimeandikwa kwa sababu baada ya miezi mitatu zitakuwa 8,000 na wewe hutajua. Mkono wa kushoto umetajwa kwa sababu jeraha huhama mkono kuliko kitu kingine chochote katika riwaya. Mstari wa wanachotaka ndio wa thamani kuliko yote. Matukio unaweza kuyasoma tena mswadani, lakini kile mhusika alichokuwa anakificha hakikuandikwa popote; kilikuwa kichwani mwako tu, na kichwa ndicho kinachohama.

Mstari wa madeni usiufupishe. Pitia sura zote, sura kwa sura, ukiuliza: hapa nimemwahidi msomaji nini? Bunduki, mimba, barua, mtu aliyesafiri na hajarudi, swali aliloliuliza mtoto likaachwa. Andika namba ya sura mbele ya kila deni. Riwaya ya maneno 30,000 huwa na madeni kati ya kumi na ishirini. Ukipata matatu tu, hujatazama vizuri.

Ongeza na uamuzi wa njeo. Masimulizi yetu hufungua tukio kwa -li- kisha yakaendeshwa na -ka-: alifika, akabisha, akaketi, akanyamaza. Anayerudi kazini baada ya pengo refu hupoteza huo mwendo, akaandika alifika, alibisha, aliketi, alinyamaza, na ukurasa ukawa kama ripoti ya polisi. Nakili aya moja ya mswada wako uliyoridhika nayo, uiweke chini kabisa ya makabidhiano. Hiyo ndiyo sauti ya kuirudia.

Sasa nije kwenye jambo linalonichoma zaidi, nalo ni lahaja. Anayeandika riwaya ya Lamu akiwa Lamu hana haja ya kukumbuka chochote. Akifungua dirisha anasikia. Akihamia Malindi mambo hubadilika, maana huko atasikia Kiswahili cha Mombasa, Kigiriama, na Kiitaliano cha vijana wa ufuoni. Akihamia Nairobi ndio kabisa. Miezi sita ikipita, Bi Zuhura aliyesema "ndoo hapa" katika Sura ya 2 anasema "njoo hapa" katika Sura ya 12, na hakuna aliyemhamisha ila mwandishi wake. Msomaji wa Lamu hulijua kosa hilo kwa mstari mmoja, na akishalijua haamini tena kitu kingine kitabuni humo.

Dawa ni daftari dogo la jozi za maneno, lijazwe kabla ya kuondoka. Ukurasa ugawe mara mbili. Kushoto andika neno linavyosemwa na mhusika, kulia linavyosemwa na msimulizi: ndoo na njoo, moya na moja, mato na macho, ndia na njia, ndaa na njaa, zitu na vitu. Kiamu kina utaratibu wake, si fujo: penye ch ya sanifu mara nyingi husikika t, penye nj husikika nd, penye vi na vy za wingi husikika zi na z, na j mara nyingi hugeuka y. Ukijua utaratibu unaweza kulikisia neno ambalo hukuliandika. Hata hivyo usikisie sana, mpigie simu mtu wa Lamu, umsomee mstari mzima, umuulize, "Mama, wewe ungelisemaje hili?" Usimuulize neno moja moja, kwa sababu neno likiulizwa peke yake mtu hujibu kwa sanifu ili akusaidie. Wala usimfanye Mbajuni aseme Kiamu kwa kudhani wote ni watu wa kisiwani. Kibajuni kina njia yake.

Mswada ukikamilika, tumia kitafutio cha kompyuta. Tafuta "njoo", kisha "macho", kisha "moja", kila linapotokea utazame liko mdomoni mwa nani. Riwaya ya maneno 60,000 yenye wahusika wawili wa Kiamu huchukua siku mbili kuipitia hivyo. Ni kazi ya kuchosha lakini haihitaji ukimya wala msukumo, kwa hiyo inafaa sana miezi ya misukosuko.

Bahari nayo ina hesabu yake, na mwandishi aliyehama huikosea upesi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yakajaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua mbili, mambo huwa kinyume. Kwa hiyo ukiandika usiku wa mwezi mpevu, ukampeleka mhusika kuokota chaza kwenye mwamba mkavu wakati wa magharibi, umemzamisha. Ukiwa bado Lamu ni rahisi kutoka nje ukatazame. Ukiwa mbali, andika kando ya kila onyesho la pwani mwezi ulikuwa wa siku ngapi, na maji yatajieleza yenyewe.

Vivyo hivyo pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati kuna matlai, bahari ikiwa imetulia. Jahazi la mhusika wako likienda Mombasa kutoka Lamu kwa tanga mwezi wa Julai, linapigana na upepo njia nzima.

Karatasi na kompyuta

Watu wengi huandika mswada wa kwanza kwa mkono, na mimi nawaunga mkono, hasa kisiwani ambako umeme ukikatika kazi haisimami. Kaunta buku ya kurasa 192 ndiyo ya kufaa. Andika upande wa kulia tu, uache wa kushoto kwa masahihisho. Utapata kurasa 96 za kuandika. Mwandiko wa kawaida hutoa maneno karibu 250 kwa ukurasa, kwa hiyo kitabu kimoja hubeba maneno 24,000 hivi, na riwaya ya maneno 60,000 hukaa katika vitatu. Hesabu ukurasa wako mwenyewe upate namba yako.

Kalamu iwe ya biro. Wino wa biro una mafuta, haukimbii ukilowa. Kalamu za wino wa jeli huandika vizuri, lakini wino wa nyingi hukimbia ukilowa. Penseli nayo hustahimili maji vizuri, kama hukasirishwi na kufifia kwake.

Kuna safari ya basi kati ya Malindi na Mokowe kupitia Garsen na Witu, takriban kilomita 220, ukaguzi wa polisi ukiwa jambo la kawaida njiani, na baada yake boti ya kuvukia Lamu. Mswada usiutie kwenye buti la basi wala usimpe hamali. Mahali pa hatari zaidi si baharini, ni ile hatua moja kutoka ngazi ya gati hadi botini maji yakiwa yamepwa, ngazi zina ukoga na mikono ya watu watatu inapokezana mizigo. Na usiutume mbele na lori la vyombo. Mto Tana ukifurika, barabara ya Garsen hukatika, kama ilivyokatika Novemba 2023, na mzigo ukakaa usikojua wewe wala dereva.

Chombo bora cha kubebea ni ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wake. Ioshe, iache wazi juani siku mbili mpaka harufu iishe. Kaunta buku za A4 husimama ndani bila kukunjwa, tano au sita pamoja, na juu yake hubaki nafasi ya flashi na chaja. Tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, kumi hivi. Ukikosa, kaanga kikombe cha mchele kavu bila mafuta mpaka ubadilike rangi, uupoze ndani ya chombo kilichofunikwa, uufunge kwa kitambaa kizito cha pamba, uweke juu ya vitabu. Ubadilishe kila baada ya wiki mbili, ama utaleta fukusi. Bonyeza mfuniko mzingo mzima mpaka usikie unashika. Ndoo ikianguka majini huelea. Begi la laptopu halielei.

Karatasi zikilowa maji ya chumvi, usizianike vivyo hivyo. Chumvi ikibaki huvuta unyevu kila siku, na daftari halitakauka kamwe. Lisuuze kwanza kwa maji baridi ya mfereji, likiwa limefungwa, bila kulisugua. Usitenganishe kurasa kwa nguvu. Lisimamishe kivulini penye upepo, upachike karatasi nyeupe isiyo na chapa kila baada ya kurasa kumi, uzibadilishe zikilowa. Jua kali hukunja karatasi na kuzigandanisha. Koga huanza ndani ya siku mbili, kwa hiyo kama una vitabu vitatu na mikono miwili, viwili vifunge vyema uviweke kwenye friza. Karatasi iliyoganda haioti koga, na ukipata nafasi utavitoa ukavikausha kimoja baada ya kingine. Lamu wala Malindi hukosi mwenye friza ya samaki. Omba kona moja.

Kwenye kompyuta mambo ni mepesi zaidi na watu huyafanya magumu. Riwaya ya maneno 60,000 isiyo na picha haifiki megabaiti moja, ndogo kuliko picha moja ya simu. Hakuna sababu ya kusema mtandao ulikuwa dhaifu. Kila Ijumaa jitumie kwa baruapepe. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, 2025-03-14, ili kompyuta izipange kwa mfuatano. "Mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho mpya" hazikuambii lolote. Kuwe na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi iliyo kwa ndugu upande wa pili wa maji, na kwenye baruapepe. Flashi isiwe ndiyo nakala kuu, kwa kuwa hewa ya chumvi hula vile vyuma vya mdomo wake, na huzimika bila kuugua kwanza.

Baruapepe hiyo iwe yako, si ya kazini. Anwani ya kazini hufungwa siku yako ya mwisho, pengine kabla hujamaliza kuaga, na kompyuta ya ofisi hurudishwa na vilivyomo. Kuna na jambo la sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwajiri hakimiliki ya kazi iliyotungwa katika utekelezaji wa ajira, ila mkiwa mmepatana vingine. Riwaya ya karani si kazi ya ukarani, hilo liko wazi. Lakini ikiwa imeandikwa kwa kompyuta ya mwajiri, saa za kazi, na wewe umeajiriwa kuandika, mathalani vipindi vya redio au vitabu vya kiada, umejitafutia mjadala usio na faida. Tumia vifaa vyako, na saa zako.

Kazi mbili, si tatu

Mwandishi mwenye ajira huwa na zaidi ya mswada mmoja: riwaya yenyewe, hadithi fupi aliyoombwa, tafsiri inayolipa kodi ya nyumba, labda mswada wa zamani uliorudi kutoka kwa mhariri. Zote haziwezi kuhama pamoja. Kanuni ninayoiamini ni kazi mbili kwa wakati mmoja, na zisiwe hatua moja: moja ya kutunga, moja ya kusahihisha. Mbili za kutunga hugombania kisima kimoja, na wahusika wa hii huanza kuzungumza kama wa ile. Ya tatu ifungwe kwa makabidhiano yake na iwekwe ndooni. Ya kufungwa ni ile isiyo na mtu anayeisubiri na ambayo mwisho wake huujui, hata kama ndiyo uipendayo. Najua inauma.

Ukihitaji tarehe ya nje ya kukusukuma, zipo tuzo. Ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikachukua jina la Safal, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika. Lakini usiifukuzie tuzo katika mwezi wa kuhama. Mswada uliotumwa na makosa hausubiriwi.

Mhariri aambiwe mapema. Prufu, zile kurasa za kupitiwa kabla ya kitabu kuchapwa, zina desturi ya kufika wiki ileile unayolala kwenye godoro lililo sakafuni, na hutakiwa zirudi kwa siku chache. Andika mwezi mmoja kabla, kwa ufupi, na utaje tarehe:

"Mheshimiwa Mhariri, habari za kazi. Nahamia Malindi kikazi tarehe 2 Mei. Kati ya tarehe 25 Aprili na 20 Mei sitaweza kupitia prufu. Zikiwa tayari kabla ya tarehe 10 Aprili nitazirudisha kwa siku saba. Zikichelewa, naomba zije baada ya tarehe 20 Mei. Nambari ya simu haibadiliki. Wasalaam."

Mwandishi wa barua hii haombi radhi kwa kurasa mbili wala haelezi shida za nyumba. Anampa mwenzake tarehe za kufanyia kazi. Wahariri huzipokea barua hizi vizuri. Wanachokichukia ni kimya, halafu udhuru baada ya tarehe kupita.

Tena, anwani ya posta. Wengi mikataba yao ya vitabu ina sanduku la shule au la ofisi. Ukihamishwa, taarifa ya mrabaha ya mwaka inaendelea kwenda kwenye sanduku la Lamu, 80500, ikalala kwenye kijisanduku chenye jina lako pale pale shuleni mpaka rangi itoke, na wewe uko Malindi, 80200, ukidhani kitabu hakiuzwi. Siku unayoandikia kuhusu prufu, andika barua ya pili kwa idara ya hesabu: anwani mpya, na akaunti ya benki kama imebadilika. Omba jibu la maandishi kwamba wamebadilisha.

Kama una hiari ya tarehe ya kuhama, epuka wiki ya Maulidi ukiwa unaingia Lamu. Katika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, mji hujaa wageni, vyumba havipatikani na boti zimejaa. Disemba na Januari kodi za Shela na Malindi hupanda kwa sababu ya watalii.

Ukifika

Chagua chumba cha kuandikia kabla ya chumba cha kulala. Nyumba ya mawe ya Lamu ni baridi lakini ina giza ndani, na kuta za matumbawe na chokaa huvuta unyevu. Mwanga mzuri uko kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, au darini asubuhi. Rafu ya vitabu isigusane na ukuta. Acha upana wa vidole vinne hewa ipite. Zidaka, yale matundu ya ukutani, ni nzuri kwa macho, lakini karatasi ukiiweka humo msimu wote wa masika utaitoa na madoa. Malindi adui ni joto la mabati na mchwa. Chini ya bati lisilo na dari, kuanzia saa tano asubuhi huwezi kufikiri, kwa hiyo saa zako ni za alfajiri, baada ya sala mpaka wakati wa kwenda kazini. Meza ipandishwe miguu kwenye mikebe yenye maji kidogo, na daftari zisilale sakafuni hata usiku mmoja. Feni hupeperusha karatasi; tafuta mawe mawili mazito, hiyo ni ofisi tosha.

Kikao cha kwanza usisome mswada wote. Ukiusoma wote utaona makosa ya Sura ya 1, utaanza kuyarekebisha, na miezi miwili baadaye utakuwa na Sura ya 1 nzuri na hadithi iliyosimama palepale. Soma makabidhiano. Soma kurasa kumi za mwisho. Kisha nakili ukurasa wa mwisho kwa mkono, neno kwa neno, hata kama unaona unapoteza muda; mkono hukumbuka mwendo wa sentensi kabla ya akili. Ukifika mwisho wa ukurasa, andika ile sentensi inayofuata uliyojiachia, na nyingine itakuja.

Wiki mbili za mwanzo punguza kipimo nusu. Aliyekuwa akiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, alikuwa na 1,500 kwa wiki, na riwaya ya 60,000 ingemchukua wiki 40. Aandike 150. Siku isiyowezekana kabisa, aongeze jozi tatu kwenye daftari la lahaja au asahihishe ukurasa mmoja wa kazi ya pili, asiache siku ipite bila kuugusa mswada. Safari fupi zina kazi zake pia: botini kati ya Mokowe na Lamu, au kwenye matatu, huwezi kutunga, lakini unaweza kupitia madeni ya msomaji ukajiuliza lipi lilipwe sura ijayo.

Ukifikisha maneno 300 siku tano mfululizo, rudi kwenye makabidhiano. Futa madeni yaliyolipwa, andika mapya, badilisha tarehe na idadi ya maneno, uyarudishe ndooni. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi, hata kama hakuna dalili ya kuhama. Barua ya uhamisho ikija tena, utahitaji jioni moja tu badala ya tatu.